Swichi ya Juu

Ngazi ya nyumba ile ilikuwa na giza mchana kweupe. Aliyeijenga aliibana katikati ya kuta mbili bila hata tundu la kupitishia mwanga, kwa hiyo anayepanda saa saba mchana alipapasa ukuta sawasawa na anayepanda usiku. Taa ilikuwapo moja tu, juu kabisa, na swichi yake ilikuwa moja tu, chini kabisa. Ukishafika juu, taa ile huna la kuifanya. Ama uiache iwake bure mpaka kesho, ama uizime kabla ya kupanda kisha uende kwa kubahatisha.

Wenye nyumba walipata njia ya tatu, nayo ilikuwa Bibi.

Bibi, mama mzazi wa Fundi Bomba mwenye nyumba, aliweka kiti chake chini ya swichi hiyo na hakuna aliyethubutu kukisogeza. Mtu akitaka kupanda, Bibi anamwashia. Akishafika juu sharti apaze sauti, "Nimefika!" ndipo Bibi anazima. Asiyesema haizimiwi taa, hata kama Bibi amesikia mlango wa chumba ukifungwa. "Mlango ndio umefika," husema. "Wewe nitajuaje kama hukuanguka?" Mwanawe, mwanamume mzima mwenye mvi za kwanza kidevuni, alikuwa akitangaza kufika kwake kila jioni kama mwanafunzi anayeitwa majina darasani.

Macho ya Bibi yalikuwa yanamuaga kidogo kidogo. Daktari alimwambia wazi: utaanza kukosa vitu vya juu, kisha vya pembeni, mwanga wa dirisha utabaki mwisho. Mbele ya daktari Bibi aliitikia kwa heshima zote, kisha akaenda kulia chooni. Tangu siku hiyo kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, alibonyeza swichi, akainua kichwa kuitazama balbu kule juu, akasema, "Bado ipo." Mke wa mwanawe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mshoni kwa sababu ya cherehani yake isiyonyamaza, alikuwa akilisikia neno hilo kila siku akiwa jikoni, na kila siku alishusha pumzi.

Halafu akaja mtoto. Alikuwa binti wa marehemu dada yake Mshoni, mwenye miaka saba, na alitoka makao ya watoto na mfuko mmoja wa nguo na mdomo uliofungwa. Hakusema jambo na mtu. Akiulizwa kama ana njaa, anatikisa kichwa. Akiulizwa kama ameshiba, anatikisa kichwa vilevile. Bibi, kwa kumtania, akamwita Chiriku. Siku moja mtoto akapanda ngazi, akafika juu, akasimama kimya akingoja taa izimwe. Bibi naye kimya. Waligombana hivyo kwa ukimya muda mrefu, mmoja juu, mmoja chini, cherehani nayo imesimama katikati, mpaka ikashuka sauti nyembamba, "Nimefika." Ndilo lilikuwa neno lake la kwanza katika nyumba ile. Baada ya hapo jina la Chiriku likaacha kuwa utani.

*

Muda wa majaribio wa kumlea mtoto ulikuwa unakwisha. Afisa wa ustawi wa jamii, mama mmoja mnene mwenye miwani ya kamba, alishakagua vitanda, maji na choo, akaridhika. Ngazi ndiyo iliyomtia shaka.

"Mtoto analala juu," alisema. "Basi lazima taa ya ngazi iwashwe na kuzimwa chini, na iwashwe na kuzimwa juu, popote alipo. Swichi moja isiitegemee nyingine. Nitakuja na mkaguzi wa umeme. Akipitisha, mtoto ni wenu. Asipopitisha siwezi kumwacha alale hapa, hata kama moyo wangu unataka."

Alipoondoka, Mshoni alimwambia mumewe aende nyumba ya tatu kwa fundi umeme. Fundi Bomba akaenda, akarudi amekunja uso.

"Amenicheka," alisema.

"Amekucheka nini?"

"Nilimwambia ni kazi ya kuongeza swichi tu. Akasema, 'Wewe rudi kwenye vyoo vyako, hii inataka waya wa ziada na swichi za aina nyingine.' Mbele ya wateja! Vyoo vyangu! Choo chake yeye nani alikizibua?"

"Si umvumilie tu, baba. Ni kwa ajili ya mtoto."

"Kwa ajili ya mtoto nitaifunga mwenyewe. Umeme na maji ni ndugu. Vyote vinapita kwenye bomba, tofauti ni unene wa bomba. Ukitaka kufunga maji sehemu mbili unaweka koki mbili. Kuna uchawi gani hapo?"

Mwanamume aliyechekwa mbele za watu hasikii la mtu. Jumamosi Fundi Bomba alizima umeme wa nyumba nzima, akapanda ngazi na bisibisi mdomoni, akaukata waya unaokwenda kwenye balbu na kupachika swichi ya pili juu, njiani, vilevile ambavyo angepachika koki. Aliifunga vizuri, tusimdhulumu. Ilikaa sawa ukutani, haikupinda hata kidogo. Aliporudisha umeme alizima juu, taa ikazimika, akawasha, ikawaka. Akashuka, akazima chini, ikazimika, akawasha, ikawaka. Bibi akapiga vigelegele na kumshika mwanawe mkono.

"Baba yako angekuona," alimwambia, na Fundi Bomba akageuka upande asionekane machozi.

Kilichowaponza ni mazoea yao. Baada ya hapo hakuna aliyeigusa ile swichi mpya. Watu waliendelea kupanda na kusema wamefika, Bibi akaendelea kuzima akiwa kwenye kiti kilekile.

*

Asubuhi ya ukaguzi Mshoni aliamka mapema. Alifagia vyumba vya juu mara mbili. Alipomaliza, mikono ikiwa imejaa mashuka, akaizima taa kwa swichi ya juu, kwa mara ya kwanza, akashuka kwa kupapasa. Chini, kiti cha Bibi kikiwa bado kitupu, alipotaka kuwasha tena ili achukue ufagio, taa ikagoma. Alibonyeza tena. Kimya. Akapanda gizani, akabonyeza ya juu, ikawaka. Akasimama pale akiitazama balbu.

Alimkuta mumewe nyuma ya nyumba akipiga viatu rangi.

"Ikizimwa juu, chini haiwaki," alimwambia.

"Haiwezekani. Niliijaribu."

"Uliijaribu kila moja nyingine ikiwa wazi! Koki mbili kwenye bomba moja, baba. Ukifunga ya juu, hii ya chini uifungue mpaka kesho, maji yatatoka wapi?"

Kwa lugha ya koki Fundi Bomba alielewa mara moja, na kuelewa huko kulimuuma kuliko kicheko cha jirani. Brashi ya rangi ikamdondoka kwenye kiatu.

"Nenda kwa fundi umeme sasa hivi," Mshoni alisema.

"Yuko kazini upande wa pili wa mji, nimemwona akitoka. Na hawa watafika wakati wowote." Alijifuta mikono kwenye suruali yake safi bila kujua. "Sikiliza. Ya juu tuiache imewashwa. Asiiguse mtu. Nitamwonyesha mkaguzi mimi mwenyewe, kwa mpango wangu, kama nilivyojaribu. Wakiondoka, jioni hii hii nampigia magoti yule mwenye kicheko."

"Na Mama tumwambie?"

"Mama hapana." Alisema upesi mno. "Amenisifu mbele ya majirani wote. Hapana."

Chiriku ilibidi aambiwe, kwa sababu chumba chake ndicho kilichopakana na swichi hiyo. Fundi Bomba alichuchumaa mbele yake. Alimwambia swichi ile isiguswe leo, kwa sababu ikizimwa juu, chini haiwaki, na kwamba hiyo ni siri yao, na kwamba siri ikitoka yule mama wa miwani atamrudisha makao. Mtoto alisikiliza kwa macho yote. Hakuuliza lolote, na Chiriku asipouliza, kuna jambo. Mshoni alitaka kumkatiza mumewe. Hakumkatiza. Alijiambia ni saa chache tu, na aibu ya hilo akaimeza pamoja na chai yake.

*

Mkaguzi alikuwa mwanamume mwembamba mwenye kikohozi, aliyevua viatu mlangoni bila kuombwa. Alitazama mita, akagonga kuta, akauliza umri wa nyumba. Mama wa ustawi aliketi mezani sebuleni na faili lake. Bibi alikuwa kitini pake chini ya swichi, amevaa kanga mpya, na Fundi Bomba alikuwa akitoka jasho mpaka shingoni.

"Hebu tuione hiyo ngazi," mkaguzi alisema.

"Karibu, mzee, karibu. Mimi nitakuonyesha." Fundi Bomba akawasha chini, akazima, akawasha. "Umeona? Sasa juu." Wakapanda. Mshoni alibaki chini, mkono umeshika nguzo ya ngazi. Alisikia swichi ya juu ikilia, akaona taa ikizimika na kuwaka.

"Safi," mkaguzi alisema, na Mshoni akafumba macho kwa shukrani. Kisha akasikia sauti ileile ikisema, "Ngoja niizime tena, tushuke, nijaribu kuiwasha kutoka chini."

Taa ikazimika. Viatu hakuwa navyo, na nyayo zake zikaja zikigusa ngazi moja moja gizani. Nyuma yake Fundi Bomba alikuwa akisema jambo kuhusu rangi ya ukuta, jambo refu lisilo na maana, sauti imempanda. Mshoni alihesabu pumzi zake. Akilini alimwona mtoto akiingia tena ndani ya gari la makao, mfuko wake mapajani.

Mlango wa chumba juu ukafunguka. "Babu, utaanguka!" Chiriku akapaza sauti. "Nakuwashia!" Na ngazi nzima ikajaa mwanga.

Mkaguzi akacheka mpaka akakohoa. "Ahsante, mjukuu wangu. Umenihurumia." Alifika chini, akabonyeza swichi, ikazimika, akabonyeza, ikawaka. Akili yake ilikuwa bado iko kwa mtoto. "Basi, iko sawa. Nyumba ninazokagua zote zingekuwa na watu kama hawa, kazi ingekuwa raha."

Fundi Bomba alipita sebuleni, akajibwaga kochini. Mkaguzi akaenda mezani, akatoa kalamu, akaanza kujaza cheti. Mama wa ustawi akaomba maji ya kunywa. Nyumba ikapumua.

*

Chiriku alikuwa bado juu. Ngazi haikuwa na mtu tena, ukaguzi alidhani umekwisha, na Bibi alikuwa amemfundisha kuwa taa haiwaki kwa ajili ya kuta. Akaizima, akarudi chumbani kwake, na moyo wake ulikuwa mweupe kabisa.

Bibi naye akasimama. Alitaka apande, amtafute mtoto, amwambie mambo yamekwisha vizuri. Akabonyeza swichi, akainua uso kama afanyavyo kila asubuhi.

Akabonyeza tena. Akasogea hatua moja, akanyoosha shingo. Akabonyeza mara ya tatu na ya nne, taratibu, kama anayegonga mlango wa mgonjwa. Mshoni, aliyekuwa akipita na glasi ya maji, alimwona akiuweka mkono wake kifuani, na akaelewa kabla Bibi hajasema neno.

"Mama..."

Lakini Bibi alikuwa ameshageukia mezani. Hakuwa mtu wa kuficha jambo mbele ya serikali. "Mwanangu wa ustawi," alisema, "kwenye makaratasi yako uliandika kuwa mimi ndiye nitakayemwangalia mtoto hawa wakiwa kazini. Nifute. Balbu ya ngazi imeniondoka sasa hivi. Asubuhi ilikuwapo. Daktari aliniambia vitaanza vya juu."

Mkaguzi aliacha kalamu hewani. Fundi Bomba aliinuka nusu, akamtazama mkewe, na macho yake yalisema waziwazi: subiri, wataondoka, tutamwambia.

"Pole sana, bibi," mama wa miwani alisema, na alimaanisha. Alifungua faili. "Usihofu, hilo halimzuii mtoto. Mama mdogo wake anashonea hapahapa nyumbani, nitamwandika yeye. Ila ngazi usimpandishe wala usimteremshe tena. Na usiku usiachwe naye peke yako." Kalamu yake ikapiga mstari juu ya jina la Bibi. Mstari ule ulisikika.

"Sawa," Bibi alisema. "Ni haki."

Chiriku alikuwa ameshuka kwa kupapasa ukuta, akasimama kwenye ngazi ya mwisho. Bibi alimsikia, akanyoosha mikono. "Njoo, Chiriku wangu. Nipe uso wako niushike. Nianze kuuzoea kwa vidole, mapema."

Mtoto akampa uso. Vidole vya Bibi vikampita nyusi, pua, mashavu. Chiriku alisimama wima akivumilia, lakini macho yake yalimgeukia Mshoni. Kisha akauliza kwa mnong'ono ambao nyumba nzima iliusikia:

"Mama mdogo, nimwambie?"

Alijua bei yake. Walikuwa wamemwambia wenyewe asubuhi, kwa kumchuchumalia. Mshoni aliitazama glasi ya maji mkononi mwake. Angeweza kusema hapana kwa kichwa tu. Ni dakika chache. Kwenye cheti ilibaki kutiwa sahihi tu. Lakini Bibi alikuwa bado anaukariri ule uso kwa vidole, na alikuwa anatabasamu ili mtoto asiogope.

"Mwambie, mwanangu," Mshoni alisema.

"Bibi, macho yako mazima! Nimeizima mimi kule juu. Ikizimwa juu, chini haiwaki. Ni siri." Kisha akajisahihisha. "Ilikuwa siri."

*

Fundi Bomba ndiye aliyepanda kuiwasha. Bibi aliinua uso, akaiona balbu, akaitazama muda mrefu. Hakusema bado ipo. Alimgeukia mwanawe na kumwuliza kwa utaratibu, "Ulijua?"

"Nilijua leo asubuhi, Mama. Niliifunga kama koki. Mimi ndiye mwenye kosa, mwandikeni mimi."

"Mimi pia nilijua," Mshoni alisema.

Mkaguzi alikipiga cheti mstari wa pembe hadi pembe. Hakufoka, na afadhali angefoka. "Usiku mmoja mtoto azime juu ashuke," alisema, "au bibi huyu asimame hapa chini abonyeze bure, aamue kupanda hivyo hivyo. Mngeniita tena, ila si kwa kukagua." Alivaa viatu vyake mlangoni akikohoa. "Mkishaifunga vizuri, nitumieni habari."

"Tutaifunga leo," Fundi Bomba alisema. "Dada, ukimwacha mpaka jioni tu..."

"Kaka yangu, niliwaambia." Mama wa miwani aliivua, akaifuta, na macho yake yalikuwa mekundu. "Sina ruhusa ya kumwacha hata kwa jioni. Faili litarudi ofisini na litangoja zamu yake kama mafaili mengine. Nitalisukuma. Zaidi ya hapo siwezi kuahidi."

Mfuko wa Chiriku ulijaa kuliko ulivyokuja. Mshoni alimvalisha sweta aliyomshonea, akamfunga vifungo, akavifungua, akavifunga tena. Mtoto hakulia. Alipofika mlangoni alimwuliza Bibi, "Umekasirika nimesema?" Bibi akamwambia hapana, akamkumbatia, akasema hapana tena. Kwenye gari Chiriku aliketi wima na mfuko mapajani, mdomo umefungwa, na hilo ndilo Mshoni alilorudi nalo ndani.

*

Fundi umeme alikuja jua likitua. Fundi Bomba alikuwa amemngoja barabarani na kumweleza yote mbele ya watu, bila kuruka aibu hata moja, na jirani hakucheka. Alileta swichi zake na waya wa ziada, akaomba ashikiwe ngazi ya mbao. Fundi Bomba akashika. Kazi yenyewe haikuwa ndefu, na hilo lilimuuma kila mtu.

Alipoondoka, Fundi Bomba aliijaribu taa kwa kila namna. Alizima juu, akawasha chini. Alizima chini, akakimbia juu kuiwasha. Alizima juu, akawasha juu, akashuka kuzima, akapanda tena. Kila mara ilimtii. Alikuwa anahema kama mtu aliyekimbizwa, na mkewe akamwacha afanye.

Mwisho akasimama juu kabisa, mkono kwenye swichi mpya. "Inafanya kazi, Mama," alisema. "Sasa naweza kuizima mwenyewe huku huku. Hutahitaji kukaa hapo tena."

Bibi alikuwa kitini pake. Uso wake aliuinua kwenye balbu.

"Usiiguse," alisema. "Iache iwake. Mtoto bado hajasema amefika."

Fundi Bomba akautoa mkono wake kwenye swichi.